Picha Ndani ya Leso

Vijana wa taka wa Huruma, Nairobi, hubeba kila kitu. Jumamosi asubuhi mkokoteni wao hupita katikati ya maghorofa, ukikwepa maji ya mtaro na kamba za nguo, na kila mtu huteremsha kilichomshinda: godoro lililooza, televisheni ya mgongo, kuku aliyekufa usiku. Jumamosi hiyo mimi niliwapelekea picha. Kijana aliyeshika mpini aliitazama, akageuza uso pembeni, akasema, "Hiyo hapana, mkubwa. Hiyo siigusi." Nikamwambia nitaongeza hamsini. Mwenzake aliyekaa juu ya magunia akatikisa kichwa. Wakausukuma mkokoteni wao, wakaniacha nimesimama na Yesu mkononi mbele ya kibanda cha chapati.

Picha ilikuwa ya mama yangu mdogo. Ni ile inayoitwa Huruma ya Mungu: Yesu amevaa kanzu nyeupe, mkono wa kulia ameuinua kubariki, wa kushoto umegusa kifua, na kifuani inatoka miali miwili, mmoja mwekundu, mmoja mweupe uliofifia. Chini pameandikwa: Yesu, nakutumainia. Ilikaa ukutani kwake juu ya redio tangu nikiwa mtoto wa shule. Moshi wa mishumaa umeutia weusi ukingo wa chini, na kioo kina ufa kwenye kona, mwembamba kama unywele. Ilipotolewa, ilibaki alama ya mraba ukutani, rangi ya kijani kibichi kama siku fundi alipoipaka, huku ukuta uliobaki umekuwa rangi ya majani ya chai.

Mama Mdogo ameokoka. Ameacha Jumuiya ya Wakatoliki, ameacha rozari, anasali katika kanisa lililo ghorofa ya kwanza ya jengo lenye kinyozi na duka la M-Pesa chini. "Nenda ukaitupe," aliniambia asubuhi ile. "Mimi siwezi kukaa na sanamu ndani ya nyumba." Lakini hakunipa hivi hivi. Aliifunga kwanza katika leso yake nzuri, ile ya kwendea harusini, akakunja pembe moja baada ya nyingine, akabana ncha kwa ndani ili isifunguke.

Nilimuuliza kwa nini sasa, baada ya miaka yote hii. Alinyamaza kitambo, kisha akataja usiku wa tarehe 29 Aprili 2016. Hakuna mtu wa Huruma asiyeukumbuka. Mvua ilinyesha kama iliyofunguliwa mlango, na jengo la ghorofa 6 lililosimama karibu na mto likaanguka na watu ndani. Waliokufa walizidi 50. Baada ya siku 3 na zaidi, waokoaji walitoa mtoto mchanga wa kike akiwa hai chini ya vifusi, na kwa muda mtaa mzima ulilia kwa furaha na uchungu pamoja. Mama Mdogo alikuwa amesimama pale na wanawake wenzake wakisubiri. "Waliofunikwa pale nao walikuwa na picha ukutani," alisema. "Niliziona zikitolewa na udongo wake. Tangu siku hiyo nilikuwa nikiiangalia hii na nikimaliza kuiangalia sina la kuiambia."

Sikuwa na jibu, na hata sasa sina. Nilichukua mzigo wangu nikatoka.

Baada ya vijana wa taka kunikatalia, nilikwenda kwa katekista mmoja mzee anayekaa si mbali na nyumba ya masista wa Mama Teresa, wale wa sari nyeupe zenye mistari ya buluu ambao Huruma imewazoea kama ilivyozoea mto. Nilimkuta akianika maharagwe. Alieleza kwa subira kwamba kitu kilichobarikiwa hakitupwi. Kikichakaa kinachomwa na majivu yake kuzikwa, au kinazikwa kilivyo, mahali ambapo watu hawapiti juu yake. "Lakini msiiabudu," akaongeza upesi, kama mtu aliyejibu shtaka hilo mara nyingi. "Sisi hatuabudu sanamu. Unapobusu picha ya mama yako aliyefariki, unabusu karatasi?"

Hoja yake ina umri mkubwa kuliko kanisa lolote la Nairobi. Kuanzia karne ya 8, wafalme wa Bizanti waliamuru picha takatifu zivunjwe, na ugomvi huo haukumalizika kabisa hadi mwaka 843. Katikati yake, mwaka 787, maaskofu walikutana Nikea wakakata shauri kwamba heshima inayopewa picha inapita na kumfikia aliyechorwa. Katekista hakutaja Nikea. Alitaja mama yake, na inatosha.

Hata picha hii niliyoibeba iliwahi kushtakiwa ndani ya kanisa lake. Asili yake ni maono ambayo Sista Faustina Kowalska wa Poland alisema aliyapata mwaka 1931. Mchoraji Eugeniusz Kazimirowski aliichora mwaka 1934 mjini Vilnius kwa maelekezo yake, na Faustina alipoiona alilia, kwa sababu haikufikia uzuri wa yule aliyemwona. Nakala iliyoenea zaidi duniani, pamoja na ya Mama Mdogo, ni ya mchoraji mwingine, Adolf Hyła, aliyeichora wakati wa Vita vya Pili vya Dunia baada ya familia yake kunusurika. Mwaka 1959 Vatikani ikakataza kuenezwa kwake. Zuio lilidumu miaka 19, likaondolewa mwaka 1978, na tarehe 30 Aprili 2000 Faustina akatangazwa mtakatifu. Kwa hiyo kulikuwa na wakati ambapo padri mtiifu angemwambia Mkatoliki vilevile nilivyoambiwa mimi: iondoe ukutani.

Hapo ndipo nilipoamua kwamba sitaichoma siku hiyo. Nitakwenda nayo kwa miguu hadi mjini, na kila nyumba ya ibada nitakayoweza kuingia nitauliza swali moja: kitu chenu kitakatifu kikizeeka, mnakipeleka wapi? Niliona swali hilo lina ukweli zaidi kuliko lile la nani anaabudu nini. Mtu akiulizwa anaamini nini, hujibu kama alivyofundishwa. Akiulizwa atakiweka wapi kilichochakaa, huangalia mikono yake kwanza.

Kiamaiko ni hatua chache tu. Harufu ya mbuzi hukupokea kabla ya watu. Wafanyabiashara wa Kiborana huleta mifugo kutoka Marsabit, Moyale na Isiolo, na nyama nyingi ya mbuzi inayoliwa Nairobi hupitia mikononi mwao. Mzee mmoja ninayemfahamu anauza vichwa na miguu ya mbuzi karibu na msikiti. Nyuma ya mizani yake kuna kalenda yenye picha ya Kaaba. Alipoona nilichobeba hakukunja uso. Alisogeza kisu, akafuta meza, akaniambia niiegemeze pale.

"Nyumba yenye picha ya kiumbe, malaika hawaingii," alisema. "Hivyo ndivyo tulivyosoma." Nikamuuliza juu ya kalenda. "Hiyo ni nyumba. Haina uhai. Na hatuiabudu, tunaielekea." Akanikumbusha habari ya mwaka wa 8 wa Hijria, yaani 630, Mtume alipoingia Makka na kuiondolea Kaaba sanamu zake 360. Akanieleza pia kuhusu Sayyidna Umar, aliyelibusu Jiwe Jeusi huku akitamka wazi kwamba anajua ni jiwe tu, haliwezi kudhuru wala kunufaisha, na analibusu kwa kuwa alimwona Mtume akilibusu. Nimelisikia simulizi hilo mara nyingi, lakini kulisikia kutoka kwa mtu mwenye damu ya mbuzi kwenye viganja, anayesema kwa sauti ya chini kama anayetunza siri ya familia, kulinifanya nilione upya. Umar alikuwa na haja ya kulisemesha jiwe ili kuliambia kwamba halisikii.

"Na msahafu ukichakaa?"

Hapo mzee aliinuka. Ndani ya kibanda, juu kabisa, mahali ambapo mkono hauwezi kufika bila kupanda kigoda, palikuwa na mfuko wa kitambaa. Ndani yake, alisema, kuna juzuu za watoto wa madrasa, zilizochanika. Zikijaa atazifunga kwa nguo safi na kuzizika makaburini, au zitachomwa kwa heshima. "Maneno ya Mungu hayatupwi, mwanangu. Hata kipande."

Kutoka Kiamaiko nilipanda hadi Juja Road, nikashika njia ya Pangani. Bonde la Mathare liko upande wa kulia, mabati yake yakishuka hadi mtoni. Mama mmoja wa Kikorino, kilemba cheupe kama maziwa, alikuwa akiuza njugu chini ya nguzo za umeme mkubwa. Kanisa lake halitaki picha yoyote, lakini kilemba hicho hakiguswi na mtu mwingine. Nilinunua njugu nikaendelea.

Kabla ya kufika kambi ya jeshi la anga, nilichepuka kuingia katika kanisa dogo la Legio Maria. Lilikuwa la mabati, sakafu imefagiliwa ikabaki na mistari ya ufagio. Mama mmoja aliyevaa kanzu ya buluu alikuwa akipanga madhabahu kwa ajili ya misa. Kulikuwa na mishumaa, rozari zilizoning'inia kama zabibu, Bikira Maria mweusi wa plasta, na katikati, ndani ya fremu, picha ya Simeo Ondeto.

Legio Maria ilitokana na Kanisa Katoliki huko Nyanza Kusini mwaka 1962 na 1963, ikabeba Kilatini, ngazi za makasisi na rozari, ikaongeza unabii na uponyaji. Gaudencia Aoko alikuwa miongoni mwa sauti zake za mwanzo zilizovuta umati. Waumini wanamwita Ondeto Baba Masiya. Kwao Kristo alirudi akiwa mtu mweusi, akaishi kati yao hadi alipofariki mwaka 1991, na mlima wa Got Kwer huko Migori ni mahali patakatifu pao. Msomaji anaweza kukubali au kukataa. Mimi nilisimama mbele ya fremu ile nikiwaza jambo moja: Faustina alilia kwa sababu mchoraji hakuweza kuufikia uso aliouona, na hapa pana watu wanaosema uso huo ulikaa mbele ya kamera. Hakuna mchoraji aliyesimama kati yao na yeye. Mama wa kanzu ya buluu alipoipangusa picha hakuitazama kama kazi ya sanaa. Aliipangusa paji la uso kwanza, kisha mashavu.

"Ikififia tunatafuta nyingine," alinijibu. "Lakini ya zamani haiondoki. Sisi hapa tunayo ndani ya sanduku chini ya madhabahu." Akanitazama. "Wewe umetumwa na nani kuitupa hiyo?" Nikamwambia. Akasikitika, akasema makanisa mapya yanawafundisha watu kwamba wazazi wao waliabudu sanamu. Kisha naye akanitajia kanisa jirani ambalo, kwa maoni yake, ndilo linaloabudu sanamu kweli.

Nilikuwa nimeanza kulisikiliza neno lenyewe. Sanamu tuliipokea kutoka Kiarabu, na huko ina maana ya kitu kinachoabudiwa. Kiswahili kikaipanua: sanamu ya Dedan Kimathi iliyosimamishwa mjini mwaka 2007 ni sanamu, na hakuna anayeona haya kuiita hivyo. Lakini ukiitanguliza kwa kitenzi kuabudu, hugeuka kuwa shtaka, na shtaka hilo lina tabia ya ajabu. Siku nzima nilisikia mnaabudu sanamu, wanaabudu sanamu, aliacha kuabudu sanamu. Nafsi ya kwanza sikuisikia. Sijapata kukutana na mtu, mtaani wala kitabuni, anayesema kwa utulivu, mimi naabudu sanamu. Ni kitenzi kisicho na mwenyewe.

Mfano mzito kuliko yote ninaoujua ulitokea Kisumu mwezi Agosti 2014. Jumuiya ya Sikh ya mji huo ilikuwa imesimamisha mnara kando ya barabara kuadhimisha miaka 100 ya kuwapo kwake pale. Baadhi ya Wakristo waliandamana, wakasema ni sanamu ya kishetani, wakaushambulia, na mnara ukaondolewa. Walioshtakiwa kwa kuabudu sanamu walikuwa wafuasi wa Guru Nanak, ambaye zaidi ya miaka 500 iliyopita alifundisha watu waachane na sanamu wamtafute Mungu asiye na umbo. Ingekuwa nafuu kama mmoja wa waandamanaji angevua viatu na kuingia ndani ya hekalu lao mara moja tu. Asingeona umbo lolote la kusujudiwa.

Mimi niliingia saa sita mchana, katika gurdwara moja upande wa Ngara. Wakenya wengi tunawajua Makalasinga kwa chai na chakula cha Makindu, hekalu lililojengwa mwaka 1926 na Wasikh waliofanya kazi relini, ambapo msafiri wa Mombasa hula bila kuulizwa dini. Ngara nako nilipewa kitambaa cha kufunika kichwa, nikanawa mikono mbele ya macho ya mlinzi, nikaketi sakafuni nikala chapati na dengu. Kisha mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe, Kiswahili chake cha Nairobi ya zamani, akanipeleka ukumbini.

Kitabu kilikuwa juu ya jukwaa, chini ya dari ya kitambaa chenye nyuzi za dhahabu. Ni Guru Granth Sahib. Mwaka 1708 Guru Gobind Singh, wa 10 katika mfululizo wao, alitangaza kwamba baada yake hakutakuwa na guru wa mwili. Kitabu ndicho guru. Kijana alisimama nyuma yake akikipepea kwa mwengo mweupe, taratibu, kama unavyompepea mgonjwa au mfalme. Usiku, mzee alinieleza, hubebwa kichwani hadi chumba chake, hulazwa kitandani na kufunikwa shuka. Alfajiri huamshwa. Na nakala ikizeeka? "Tunamchoma, kama mtu," alisema. "Kwa maombi, kwa kuni safi. Majivu tunapeleka kwenye maji."

Nilimfungulia leso. Alitazama picha muda mrefu kuliko wote niliowaonyesha, akaigeuza nyuma. Sikuwa nimepata kuitazama mgongo. Kadi ya nyuma ilikuwa imejaa maandishi ya Mama Mdogo, biki ya buluu na nyeusi, mengine yamefifia: kuzaliwa kwa watoto wake, siku ya ubatizo wangu, namba ya mtihani ya binamu yangu, mazishi ya babu, mwaka na mwezi. Mstari wa mwisho ulikuwa wa Aprili 2016, tarehe tu, bila neno lolote. Mzee aliirudisha ndani ya leso akajaribu kufuata mikunjo ile ile. "Aliyefunga hii," aliniuliza, "ni huyo aliyesema itupwe?"

Hekalu la Kihindu la Swaminarayan liko karibu, kwenye Forest Road, ambayo sasa inaitwa kwa jina la Profesa Wangari Maathai. Lilizinduliwa mwaka 1999, na mawe yake ya njano yalichongwa India vipande vipande yakaja kwa meli. Ukilitazama kutoka barabarani, juu ya msongamano wa matatu na wauza mitumba, unadhani limeteremshwa zima. Mlinzi, Mluhya wa makamo, alifungua leso kwa ukaguzi, akaona kilichomo, akaifunga bila kusema. Mfanyakazi wa kujitolea aliyenipokea ndani alinisikitikia kwamba nimechelewa. "Sasa hivi amelala," alisema kwa kunong'ona. "Rudi saa kumi."

Nilirudi barabarani na neno hilo. Hakusema imelala. Kiswahili kina ukarimu wa pekee kwa chenye uhai: hukipa viambishi vyake hata kama jina lake limevaa nguo ya kitu, na ndiyo maana tunasema kifaru amelala, kipepeo ameruka, kipofu amefika. Umbo la jina halihesabiwi, pumzi ndiyo inayohesabiwa. Yule Mhindi mzaliwa wa Nairobi, aliyejifunza lugha hii kwa yaya na dukani, alikuwa ametamka imani yake yote kwa silabi moja. Nikakumbuka mzee wa gurdwara: tunamchoma, kama mtu. Na mama wa Legio? Yeye alisema haiondoki. Ngeli ya picha. Labda ndiyo sababu alipangusa mashavu, mkono ukisema ambacho ulimi ulikuwa umefundishwa kukizuia. Sijui kama nina haki ya kudhani hivyo, lakini tangu hapo sikuweza kusikiliza kingine.

Nilikuwa na saa mbili na zaidi. Nikashuka hadi Makumbusho ya Taifa, mwendo mfupi tu, kwa sababu ya vigango.

Kigango ni nguzo ya mti mgumu, ndefu kama mtu au zaidi, iliyochongwa kichwa cha duara na mwili bapa wenye pembetatu ndogondogo, ambayo Wagiriama na Wamijikenda wengine humsimamishia mzee wa chama cha Gohu baada ya kufa kwake. Si mungu. Ni mahali pa koma, pa yule aliyetangulia, na familia humwagia tembo na kumweleza shida zake. Kanisa Katoliki la Kiswahili lina neno hilohilo, kigango, kwa jumuiya ndogo iliyo mbali na parokia, na sijawahi kuona neno likibeba mizigo miwili inayofanana hivyo: penye kusimama mtu asiyeweza kuwapo.

Katika miaka ya 1970 na 1980 vigango viliibwa kwa wingi, vikauzwa kwa watalii na wakusanyaji, vikaishia Marekani. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja wa Kimijikenda akiwa mbele ya vigango viwili vya ndugu zake. Muda mfupi baadaye vikaibwa. Miaka ilipita, na kimoja kikagunduliwa katika makumbusho ya chuo kikuu kimoja cha Illinois. Kikarudishwa, na mwaka 2007 kikapokelewa nyumbani. Makumbusho ya Denver nayo iliamua mwaka 2014 kurudisha vigango 30. Lakini kurudisha ni kugumu, maana vingi havijulikani ni vya nani, na aliyeiba hakuandika jina la mwenye msiba.

Nilipata kufika Kaloleni ya pwani miaka iliyopita, nikaonyeshwa vigango viwili katikati ya minazi, kimoja kimeinama, mchwa wamekula hadi kiunoni. Nilimuuliza mzee mwenyeji kwa nini hawakijengei kibanda. Alishangazwa na swali. "Hao hawasogezwi wala hawafunikwi," alisema. "Sisi tunahama, wao wanabaki. Mchwa wakimaliza, wamemaliza." Kati ya majibu yote niliyokusanya, hilo ndilo linalonitisha na kunituliza kwa pamoja: kitu kitakatifu kinaachiwa kife kifo chake, mbele ya watu, bila aibu. Ndani ya Makumbusho, chini ya taa, nguzo zimenyooka na hakuna mchwa. Zinatunzwa vizuri sana. Nilisimama mbele yake nikiwa na mzigo wangu kwapani, na kwa mara ya kwanza siku hiyo nikaona faida ya uchafu wa moshi kwenye ukingo wa fremu.

Saa kumi nilirudi hekaluni. Nilivua viatu, nikakaa upande wa wanaume. Pazia lilikuwa limefunguliwa, na miungu, kwa lugha yao murti, walikuwa wamevaa hariri ya rangi ya embe na mashada ya maua. Yule mfanyakazi alinieleza kwamba mchonga mawe akimaliza, kazi bado haijakamilika. Kuna ibada ya kumwita mwenye uhai aingie, na hapo ndipo macho hufunguliwa. Kabla ya hapo ni jiwe na fundi anaweza kulikanyaga. Baada yake huamshwa, huogeshwa, hulishwa, hulazwa. Watu hawaendi tu kumwona. Wanaenda kuonwa naye. Na sanamu za udongo za sikukuu ya Ganesha, je? Siku zake zikitimia hupelekwa majini zikayeyuka. Picha za karatasi zikichakaa nazo hupewa maji au moto. "Tunamwomba aondoke kwanza," alisema. "Halafu ni karatasi."

Tunamwomba aondoke kwanza. Niliyaandika maneno hayo nyuma ya risiti ya njugu.

Matatu ya kurudi Huruma ilijaa hadi mlangoni. Nilipakata picha magotini, na kila aliyepanda akijibana asiigonge aliomba radhi, hakujua ni nini, aliona tu leso nzuri. Tuliteremka gizani. Kwenye ngazi za ghorofa ya Mama Mdogo mtu alikuwa amefua, maji yalikuwa yakishuka ngazi kwa ngazi.

Alikuwa jikoni, yaani pembe ya chumba nyuma ya pazia, akikoroga ugali, mgongo kwangu.

"Umeitupa?"

"Bado, Mama."

Hakukasirika. Mwiko uliendelea kuzunguka. "Basi nipe leso yangu. Kesho naihitaji kanisani."

Nilifungua pembe moja, ya pili, ya tatu. Kochi lilikuwa limejaa nguo zilizokauka, kigodani kulikuwa na beseni. Nilitazama huku na huku, kisha nikainama kuegemeza picha ukutani, sakafuni, chini ya ile alama ya mraba ya kijani.

"Usimweke chini," alisema Mama Mdogo, bila kugeuka. "Sakafu imelowa."